Je, wajua? Pua ya binadamu si butu kama tulivyoambiwa

Mnunuzi mzoefu wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hana haja ya kumwaga gunia zima. Hutia mkono katikati, huchota konzi moja, huifikicha kidogo na kuisogeza puani. Kabla muuzaji hajamaliza kuusifia mzigo wake, mwenzake ameshajua kama dagaa walinyeshewa wakiwa chanjani au wamechanganywa na wa zamani. Mtu huyohuyo ukimuuliza habari za kunusa, atakwambia binadamu hana pua bwana, mwenye pua ni mbwa.

Kauli hiyo hajaitunga yeye. Imeandikwa hadi kwenye vitabu vya sayansi, na mwaka 2017 mtafiti John McGann wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliifuatilia nyuma hadi kwa daktari Mfaransa Paul Broca, mwaka 1879. Broca alitazama balbu za kunusia. Hizi ni sehemu mbili ndogo za ubongo zilizolala juu tu ya paa la pua, moja kila upande, zikitenganishwa na pua kwa mfupa mwembamba wenye vitundu vingi. Aliona kwamba kwa binadamu ni ndogo mno zikilinganishwa na ubongo wote, akahitimisha kuwa kunusa kwetu kumefifia ili akili ipate nafasi. Hitimisho hilo halikutokana na kumpa mtu chochote anuse.

Kwa uwiano, Broca alikuwa sahihi: kwa panya wa maabara balbu hizo ni karibu asilimia 2 ya ubongo, kwetu ni karibu asilimia 0.01. Ila uwiano ni hesabu ya ubongo uliokua, si ya balbu iliyosinyaa. Ukiipima balbu yenyewe, ya binadamu ni kubwa kuliko ya panya huyo mara kadhaa, na idadi ya seli za neva ndani yake haipishani sana miongoni mwa mamalia wengi waliohesabiwa, ni takriban milioni 10. Si kwamba sasa tushindane na mbwa. Yeye ana eneo kubwa zaidi la kunusia na aina nyingi zaidi za vipokezi, yaani protini zinazonasa chembe za harufu. Lakini mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanyika Berkeley, California, ambako watu 32 walifungwa macho, wakazibwa masikio, wakavishwa glavu nene na kutambaa kwenye nyasi wakifuata mstari wa harufu ya chokoleti wenye urefu wa mita 10. Theluthi mbili waliufuata hadi mwisho. Sayansi nyingine hufanyika kwa magoti.

Basi balbu inafanya nini? Inapanga. Ndani ya pua kuna mamilioni ya seli za neva, na kila moja hubeba kipokezi cha aina moja tu kati ya aina zipatazo 400. Jeni za vipokezi hivyo ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Tatizo ni kwamba seli za aina moja hazikai pamoja, zimetawanyika ovyo.

Chukua stesheni ya Tabora, njia ya reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Abiria wamejazana jukwaani bila mpangilio, huyu juu ya kiroba chake, yule kando ya ndoo ya asali. Treni ikifika, kila mwenye tiketi ya behewa fulani huenda behewa lake, hata kama alikuwa amekaa mwisho kabisa wa jukwaa. Mkuu wa stesheni hahitaji kuona sura ya mtu. Akijua ni mabehewa gani yamejaa na kwa kiasi gani, ameshajua ni safari ya namna gani. Ndani ya balbu, behewa ni kifundo kidogo ambamo nyuzi za seli zenye kipokezi kimoja hukutana. Mawese hujaza vifundo fulani, dagaa hujaza vingine, na baadhi ni vilevile. Tena behewa linalojaa sana lina kondakta anayezuia watu wasifurikie la jirani: seli za pembeni hunyamazisha vifundo vya karibu, na tofauti kati ya harufu mbili zinazofanana ikajitokeza.

Picha hii nadhifu imetoka zaidi kwa panya, ambako kila aina ya kipokezi huwa na vifundo takriban viwili katika kila balbu. Kwa binadamu vimehesabiwa kwa wastani takriban 5,500 kwa balbu, idadi isiyooana na viwili kwa kila aina. Mpangilio upo, lakini una vurugu zaidi.

Kutoka hapo taarifa huingia moja kwa moja kwenye maeneo ya ubongo ya hisia za moyoni na yaliyo jirani na ya kumbukumbu, bila kwanza kupitia kituo cha kati cha ubongo ambacho macho na masikio hukipitia.

Kuhusu afya, mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak na wenzake walieleza kwamba mabonge ya protini ya ugonjwa wa Parkinson huanza kuonekana kwenye balbu ya kunusia na sehemu ya chini ya shina la ubongo, kabla ya kufika sehemu inayoongoza mwendo. Huenda ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutetemeka. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, pia kunusa hufifia mapema. Asikutishe mtu lakini: wengi wasiosikia harufu wana mafua, vinyama vya puani, umri mkubwa, au walipata UVIKO-19. Wengine wameanguka na bodaboda bila kofia ngumu, kichwa kikatikisika na nyuzi zinazopita kwenye vile vitundu vya mfupa zikakatika.

Kisha kuna kisa kinachowatia wanasayansi adabu. Mwaka 2019 timu ya Noam Sobel, ambaye alihusika pia na lile jaribio la nyasini, iliripoti wanawake ambao picha za MRI, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, hazikuonyesha balbu za kunusia, na bado walinusa vizuri. Walipopekua hifadhi ya picha za watu zaidi ya 1,100, hali hiyo ilionekana kwa karibu asilimia 0.6 ya wanawake, na karibu asilimia 4 ya wanawake wanaotumia mkono wa kushoto. Huenda wana vifundo vichache mahali ambapo mashine haivioni. Baadhi ya wataalamu wanashikilia hivyo. Kwa wanaume wa hifadhi hiyo hakupatikana hata mmoja, na mkono wa kushoto unahusikaje na pua, hakuna aliyeeleza bado.