Kijiji ni cha nani? Yanayosemwa mashineni na yaliyo kweli

Mambo ya serikali ya kijiji huzungumzwa zaidi kwenye mashine ya kusaga kuliko ofisini. Ukisubiri zamu na debe lako la mahindi, unasikia mengi. Mengine ni ya kweli. Haya hapa siyo, angalau kwa vijiji vya Tanzania Bara.

"Sisi tuko wengi, sensa imetupunja."

Sensa ya 2022 haikuuliza kijiji chako ni wapi. Iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Kijana wako aliyelala machimboni alihesabiwa kulekule, na shemeji aliyekuja msibani akalala kwako alihesabiwa kwako. Hivyo ndivyo walivyopatikana watu 61,741,120 wa nchi nzima bila mtu kuhesabiwa mara mbili. Rejesta ya wakazi anayoitunza mtendaji wa kijiji ni kitu kingine: humo kijana wa machimboni bado ni wa kwenu. Shida yake ni kwamba watu hukimbilia ofisini wakitaka barua, ila aliyezaliwa, aliyehama na aliyekufa hawaripotiwi. Daftari la wapigakura nalo lina wale tu waliotimiza miaka 18 au watakaoitimiza ifikapo siku ya kura, na lile la uchaguzi wa vijiji huandikishwa peke yake, mbali na la Tume ya Uchaguzi. Basi usishangae kijiji kimoja kuwa na idadi tatu, na hakuna aliyedanganya.

Wapo pia wanaoficha watoto wakiogopa kodi. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa iliyowakimbiza baba zetu porini, ilifutwa 2003.

"Balozi ni serikali."

Mabalozi wa nyumba kumi walianzishwa na TANU miaka ya 1960, na enzi za chama kimoja ilikuwa vigumu kusema chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Vyama vingi viliporudi 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa CCM. Kumwomba asuluhishe ugomvi wa mume na mke si kosa, wengi wana busara hiyo. Lakini kiongozi wa serikali aliye jirani yako ni mwenyekiti wa kitongoji. (Zanzibar ni habari nyingine: kuna shehia, na sheha huteuliwa, hapigiwi kura.)

"Mtendaji ni mtu wa mwenyekiti."

Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ana mshahara, na anaweza kuhamishwa kesho. Mwenyekiti anachaguliwa na wanakijiji kila miaka 5, mara ya mwisho Novemba 27, 2024. Wakielewana sana, fungua macho.

"Mwenyekiti ndiye mwenye kijiji."

Hii ndiyo iliyoumiza watu kuliko zote. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 imeweka mamlaka ya juu mikononi mwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na shamba au hana, awe na chama au hana. Unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake, na mwenyekiti ni mmoja wao tu. Kwenye ardhi, Sheria Na. 5 ya 1999 inaifanya halmashauri hiyo kuwa mdhamini, na haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mgeni akionyeshwa pori na viongozi watatu, akalipa, akapigiwa muhuri, anaondoka na karatasi. Ardhi imebaki.

Ndiyo maana muhtasari wa mkutano una thamani kuliko muhuri. Kuna kijiji ninachokijua ambako eneo la malisho lilipata mwenyewe ghafla, watu wakadai muhtasari usomwe hadharani. Daftari likaletwa chini ya mwembe, lile kubwa la jalada gumu. Ajenda ilikuwapo, tarehe ilikuwapo. Yakaanza kusomwa mahudhurio, jina kwa jina. Jina la tisa lilikuwa la mzee tuliyemzika masika ya kabla ya mkutano huo, na mbele yake sahihi, wino wa bluu.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekaa kwenye mzizi akasema, "Hebu rudia hapo, baba. Rudia polepole."