Mvua ya Kaskazi na Mshipi: Tunayoambizana Ufukweni na Yalivyo

Mpenda mshipi wa Dar, yaani mvuvi wa ndoana, huihesabu kaskazi kuwa sikukuu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo unatoka kaskazini-mashariki, bahari haichafuki kama wakati wa kusi, na boti ndogo inatoka alfajiri bila kupigwa sana. Halafu inakuja kaskazi kama hii: mvua Jumatatu, mvua Alhamisi, Jangwani haipitiki, na fimbo yangu imeegemea nyuma ya mlango wiki ya tatu.

Mtu akikaa bure husikiliza sana. Nimesikiliza kijiweni, nimesikiliza Feri kwa wauza samaki, nimemsikiliza na shemeji yangu ambaye hajawahi kufunga ndoana. Mengi niliyoyasikia ni nusu ukweli, na nusu ukweli ndiyo iliyonilaza nyumbani Jumamosi ambazo wenzangu walirudi na ndoo zimejaa.

“Mvua ikinyesha samaki hawali”

Samaki aliye pima tano chini hana habari na manyunyu yako. Ameshalowa tangu azaliwe. Kinachombadilishia maisha ni maji yanayoshuka kutoka bara saa kadhaa baadaye. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe, unakatiza mji mzima na kila tulichokitupa, ndipo unamwagia baharini pale Daraja la Salander. Kizinga na Mzinga inaingia upande wa bandari, Mpiji kule mpakani na Bagamoyo. Kwa hiyo unaweza kuwa na jua kali Msasani na bahari ikawa kahawia, kwa sababu mvua ilinyesha Pugu usiku. Na unaweza kulowa chapachapa juu ya mwamba huku maji yaliyo mbele yako ni safi kabisa.

Watu wengi wakishaiona hiyo kahawia wanageuza. Lakini maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika lita moja, na maji ya mto, yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko hayo. Basi yanaelea juu. Siku moja tulitoka Kunduchi na nahodha, mzee wa pale pale, tukaingia kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia, “Mzee, leo tumekula hasara.” Hakunijibu, alinyoosha kidole nyuma ya boti. Propela ilikuwa inakoroga, na nyuma yetu ile chai ilipasuka ukatokea mkanda wa kijani. Tope lilikuwa utandu tu, pengine lisingenifika kiunoni. Tulifunga chubwi nzito zaidi, tukashusha mshipi uvuke utandu ule haraka, na changu wakala kama siku nyingine yoyote.

Patamu zaidi ni pale kahawia inapokutana na buluu. Utapajua kwa mstari wa povu, majani, chupa za maji na kandambili za watu. Dagaa na vibua hujificha kwenye kivuli cha uchafu ule, na kolekole huzunguka upande wa maji safi akiwasubiri. Anayerambaza chambo akifuata mstari, bila kuukata, ndiye anayekula. Maji yakipwa mstari unasogea nje, yakijaa unarudi ufukweni, na siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, unahama mbali zaidi kuliko siku za maji mafu. Kwa hiyo ratiba ya kupwa na kujaa inakufaa kuliko kukodolea mawingu.

“Kwenye tope samaki haoni, basi hawezi kupata chambo”

Haoni vizuri, hilo kweli. Ananusa, na ana mstari wa mishipa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Chambo bandia kinachong’aa hakina kazi hapo. Kipande cha ngisi au kibua kibichi, kinachotoa damu na mafuta, ndicho chenye kazi. Hongwe, mwenye sharubu zake, kwenye maji ya mlango wa mto yuko nyumbani kwake.

Na hapo nina kisa. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani, na miiba ile ina sumu. Msimu huu mmoja alinichoma kwenye kidole gumba wakati namtoa ndoana. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Kijana mmoja pembeni akasema nikojolee, mwingine akasema mafuta ya taa. Achana na yote mawili. Sumu hiyo huharibiwa na joto: unatumbukiza kidole kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kustahimili bila kuungua, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi. Mama lishe aliyekuwa karibu alinimiminia ya chai, akayapoza kidogo. Baada ya dakika kumi nilianza kuongea kama mtu tena. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au mkono ukivimba, ni hospitali.

“Mgandamizo wa hewa ukishuka samaki wanafunga midomo”

Hii wameileta wenye simu zenye kipimo cha hewa. Hektopaskali moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Hapa kwetu, karibu na ikweta, hewa hupanda na kushuka hektopaskali chache tu kila siku, mvua isiwe au iwe. Bahari ya Dar wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yaani zaidi ya hektopaskali 300 juu ya mgongo wa samaki yule yule, mara mbili kwa siku. Angekuwa anafunga mdomo kwa sababu ya hektopaskali tatu, Feri isingekuwepo.

“Vua nguo nyekundu, zima simu, radi haitakupata”

Hapa sitanii, maana ndipo watu wanapofia. Bibi zetu walifunika vioo na kutukataza nguo nyekundu. Siwacheki, walikuwa wanatutoa nje ya hatari kwa namna waliyoijua. Lakini radi haichagui rangi, na simu mfukoni haiiti chochote. Unachopaswa kukihofia umekishika mkononi. Fimbo nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Unasimama juu ya mwamba mtupu au kwenye boti wazi, hakuna kirefu karibu nawe, na umeinua mita tatu za kaboni kuelekea wingu. Ufito wa mwanzi nao, ukishalowa maji ya chumvi, si kinga. Wala viatu vya mpira si kinga.

“Lakini mvua bado iko Kibaha!” Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita kumi kutoka mahali inaponyesha. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu isipofika sekunde 30, laza fimbo chini uondoke, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Fimbo ikianza kuvuma kama nyuki au nywele kusimama, muda wa kuhesabu umeshapita.

Unakimbilia wapi? Si chini ya mnazi. Si kwenye kibanda cha makuti, ingawa ndiko kila mtu anakorundikana, na muuza madafu anakukaribisha. Nenda kwenye nyumba imara au gari la bati lililofungwa vioo. Walio baharini hawana nyumba, ndiyo maana nahodha wetu hung’oa nanga wingu likiwa bado jembamba, na sisi tunanung’unika kila mara.

“Januari ni ukame, hii mvua ni El Niño”

Tazama kalenda ya mvua ya Dar es Salaam kwa utulivu. Miezi yetu mikavu zaidi ni ya kipupwe, Julai na Agosti hasa, wakati tunavaa sweta na kulalamika baridi. Januari na Februari huwa kati ya vuli na masika, na wastani wake hupita ule wa Julai kwa mbali. Kinachotushangaza mwaka huu ni wingi wa mvua hii na kutokoma kwake.

Nayo El Niño imekuwa jina la kila dimbwi. El Niño ni kupata joto kwa Bahari ya Pasifiki kuliko kawaida. Ile ya 1997/98 ilitufunika kweli, lakini ya 2015/16, iliyokuwa kati ya zenye nguvu kabisa kuwahi kupimwa, haikutuletea mafuriko tuliyotishwa nayo. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyohamisha watu wa mabondeni hadi Mabwepande, yalikuja wakati Pasifiki iko upande wa pili, La Niña, yaani imepoa kuliko kawaida. Na 2019 mvua zilipitiliza bila El Niño ya maana. Bahari yetu ya Hindi ndiyo iliyokuwa na joto upande huu wa Afrika na ubaridi upande wa Sumatra. Kwa mvuvi, taarifa ya kila siku ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ina faida kuliko mjadala wa jina.

Wakisema kimbunga, basi, usicheke. “Huku kwetu havifiki” ni kauli ya mtu asiyesikia habari za Unguja Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, au Mafia Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika. Ni nadra, si mwiko.

“Samaki wa maji ya mafuriko ana kipindupindu”

Akipikwa akaiva, vimelea vya kipindupindu vinakufa. Wanaougua hupatia kwenye maji, mikono na kisu: samaki ameoshwa kwa maji ya bandari, kisu kile kile kikakata kachumbari. Ila moto hauondoi kemikali za viwandani, na Msimbazi unapita kwenye viwanda. Samaki wa Salander mimi namrudisha majini. Usiingie pia na kidonda mguuni kwenye maji yaliyotoka mitaani, kwani homa ya mgunda, ile iliyosikika Ruangwa 2022, hupitia kwenye ngozi iliyochubuka, kutokana na mkojo wa wanyama kama panya.

“Kwetu kumechafuka, twende Mbudya maji safi”

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Nenda ukaogelee, mshipi uache nyumbani.

“Mvua imeshaosha rili”

Imeosha ganda la nje. Chumvi iliyo ndani inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar wiki hizi ni shuka mbichi. Rili suuza kwa maji baridi ya bomba, legeza breki yake, futa, weka penye upepo. Ndoana zilizolowa usizirudishe pamoja na kavu, zitaambukizana kutu. Mshipi wa nailoni hunywa maji kidogo na kulegea nguvu, kwa hiyo fundo la wiki iliyopita kata, funga upya.

Zangu zimeanikwa juu ya friji kwenye sinia la kupepetea mchele. Nimeambiwa sinia linahitajika kabla ya Jumamosi. Jumamosi maji yanajaa saa nne asubuhi, Mpiji bado haujatulia, na nahodha kasema tutoke upande wa Kigamboni.