Mwanafunzi wa Chuo na Kazi ya Kujitolea: Tuanzie Shehiani

Kila inapokaribia tarehe 5 Disemba, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya watu wanaojitolea, afisi yetu ya ushauri wa wanafunzi hupokea vijana wengi wanaouliza ni wapi watapata nafasi ya kujitolea. Baadhi yao huwa wamekwishaandika barua kwa shirika moja au mawili yenye afisi mjini Unguja, wakangoja miezi, wakakata tamaa. Nafasi katika mashirika hayo zipo, lakini ni chache na waombaji ni wengi, ilhali kazi zinazohitaji mikono na elimu ya mwanafunzi hazitangazwi popote: ziko katika skuli aliyosoma mwenyewe, katika kituo cha afya alikochanjwa, na pwani ambako mama yake hushuka kuchokoa pweza maji yanapokupwa. Kwa mwanafunzi kutoka Pemba anayesoma Tunguu, Chukwani au Mbweni, likizo ndefu anayovuka bahari kurudi nyumbani ndiyo nafasi yake ya kwanza.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya. Mafunzo kwa vitendo, kama vile mazoezi ya kufundisha kwa wanaosomea ualimu, ni sehemu ya masomo: yana msimamizi na yana alama. Kujitolea hakuna alama, na mtu huingia kwa hiari yake. Hata hivyo hiari hiyo ni ya kuingia tu. Ukishakubali kuwa kila Jumamosi saa mbili asubuhi utakuwapo, watoto thelathini waliokaa kukungojea hawana habari kwamba kwako wewe kazi ile ni ya hiari.

Nitoe mfano wa kosa ambalo nililisimamia mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifuatana na kundi la wanafunzi hadi kijiji kimoja cha pwani katika Wilaya ya Micheweni kwenda kupanda mikoko. Pemba ina eneo kubwa la mikoko kuliko Unguja, na ukataji wa kuni, boriti na makaa umeacha sehemu nyingi wazi, kwa hiyo nia ilikuwa njema. Tulikuwa na fulana mpya, na magunia ya mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani zinazochipua zikiwa bado juu ya mti, na siku moja tu ya kufanya kazi. Tukachagua mahali palipo wazi na rahisi kufikika maji yakiwa yamekupwa, tukapanda kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mihogo. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo yake ya chaza alisimama, akatutazama kwa muda, kisha akauliza: "Wanangu, nani aliyekwambieni kuwa hapo panaota mkoko?" Tulimwamkia, tukacheka, tukaendelea. Baada ya bamvua mbili, yaani vipindi viwili vya maji makubwa ya bahari, hapakubaki hata mche mmoja.

Bibi yule alikuwa akijua jambo ambalo sisi tulilisoma vitabuni na kulisahau. Kila mti wa mikokoni una mahali pake kulingana na muda ambao maji ya bahari huufunika: mlilana huvumilia kukaa mbele kabisa kunakopiga mawimbi, mkoko hupenda tope laini lililo nyuma yake na kandokando ya vijito, na mkandaa hukaa juu zaidi kuelekea nchi kavu. Pale tulipopanda ni mchanga unaofunikwa na maji kwa saa nyingi kila siku, na kama mkoko ungeweza kuota pale, ungekuwa umeota wenyewe miaka mingi kabla ya sisi kufika na fulana zetu. Mara nyingi kazi yenye faida zaidi kuliko kupanda ni kulinda mahali ambapo mbegu zinazoanguka huota zenyewe, kuzibua mkondo wa maji ulioziba, au kuisaidia kamati ya uhifadhi ya shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) kuhesabu miche iliyosalia na kuandika kumbukumbu zake. Kazi ya daftari haina picha ya kuvutia, na nadhani ndiyo sababu haipati watu.

Kwenye skuli haja ni kubwa na haina msimu. Zipo skuli zinazoendesha mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, hivyo mwanafunzi wa chuo anayetaka kusaidia ni lazima kwanza amuulize mwalimu mkuu ni saa ngapi kunapatikana chumba. Asiombe kufundisha darasa zima, kwani hilo ni jukumu la mwalimu. Aombe kukaa na kikundi kidogo cha waliobaki nyuma. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na yeyote aliyekaa na watoto hao atakuwa ameona kuwa baadhi yao hawakukwama katika hesabu bali katika lugha. Mtoto aliyeacha wazi swali la kugawa katika daftari lake huweza kulijibu papo hapo akiulizwa maembe kumi na matano yatagawanywaje kwa ndugu watatu. Kumvusha mtoto huyo kutoka maembe hadi sentensi ya Kiingereza ni kazi ya wiki nyingi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza kabisa.

Wapo wasioweza kutoa wiki nyingi, nao wana mlango wao. Mtu mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 18 na mwenye uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia damu. Kwa utaratibu wa Tanzania mwanamme huchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania nacho hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wanaojitolea. Katika visiwa ambavyo mwezi Septemba 2011 vilipoteza mamia ya watu katika ajali ya MV Spice Islander I iliyokuwa ikielekea Pemba, sidhani kama nina haja ya kueleza elimu hiyo inafaa nini.

Wanafunzi wa fani za afya wanahitaji tahadhari ya pekee. Kuwaelimisha watu juu ya kichocho, kuhimiza chanjo au kufuatana na wahudumu wa afya ya jamii nyumba kwa nyumba ni mambo yanayoruhusika. Kudunga sindano au kuandika dawa bila ya msimamizi hairuhusiki hata pale mkuu wa kituo anapokuwa jamaa yako.

Aliyekwishachagua kazi aende kwanza kwa sheha, kwa sababu mgeni anayeonekana akiandika majina ya watu bila ya sheha kuwa na habari hujiletea mashaka, hata akiwa mzaliwa wa pale pale. Kwa taasisi za Serikali zilizopo Pemba, barua huelekezwa kwa Afisa Mdhamini, yaani msimamizi wa wizara husika kisiwani humo. Jambo la nauli lizungumzwe mapema na bila ya haya: wanafunzi wengi huacha kwenda baada ya wiki ya tatu kwa kukosa pesa ya gari, wakasingizia mtihani. Wazee nyumbani nao waarifiwe, hasa kwa mabinti, kazi ni ipi na itakwisha saa ngapi ili warudi kabla ya magharibi. Picha za watoto na wagonjwa zisipigwe bila ya ruhusa ya wenyewe au walezi wao.

Chuo hutoa barua ya utambulisho kwa mwanafunzi anayeleta maombi yenye mambo manne: jina la shehia, mtu au taasisi ya hapo iliyoomba msaada huo, siku na saa za kazi kwa wiki, na tarehe ya kumaliza. Maombi yasiyotaja aliyeomba msaada huo huwa tunayarudisha.