Je, wajua kwa nini kampuni ya umeme ya Norway huzima mitambo wakati maji yapo tele?

Statkraft ni kampuni ya serikali ya Norway, na sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na maji. Kuna siku, hasa pepo zikivuma sana Ulaya, mitambo ya upepo ikazalisha tele na bei ya umeme ikaanguka, mitambo yake mingi husimama ingawa mabwawa yamejaa. Si hitilafu wala si mgao. Wanasubiri bei.

Meta moja ya ujazo ya maji ikiporomoka mita 500 hutoa takriban uniti 1.2 za umeme, ukishaondoa kama asilimia 10 inayopotea njiani, kwenye mabomba na mitambo. Bwawa kubwa basi ni ghala la uniti. Blåsjø, kusini-magharibi mwa nchi, likijaa hushika uniti bilioni 7.8, na uso wa maji yake unaweza kushuka mita 125 kabla halijahesabiwa kuwa tupu. Maji hayo hupitia kituo cha Saurdal (megawati, yaani MW, 640), kisha Kvilldal (MW 1,240), kituo kikubwa kuliko vyote nchini humo, kilichochimbwa ndani ya mwamba. Saurdal ina mitambo miwili inayoweza kugeuzwa ikapandisha maji juu tena bei ikiwa chini.

Maji ya mvua hayanunuliwi, lakini yana bei. Tuseme soko leo linalipa øre 30 kwa uniti (øre 100 ni krone moja), na Februari inatarajiwa kulipa 80. Mvua ikizidi kabla ya hapo, bwawa litafurika, na maji yanayomwagika hayaingizi hata senti. Kama uwezekano wa kufurika ni mmoja kati ya minne, ile 80 inahesabiwa kuwa 60. Bado inaizidi 30, kwa hiyo maji yanafungwa. Soko likipita 60, yanafunguliwa, na mtambo unaingia kwenye gridi ndani ya dakika chache. Kituo cha mtoni kisicho na bwawa hakina uhuru huo: maji yasiyopitishwa leo yamekwenda, hivyo kinazalisha hata kwa bei ya kutupa.

Kinacholeta ugumu ni majira. Nyumba za Norway hupashwa joto kwa umeme, kwa hiyo matumizi hupanda wakati wa baridi, muda uleule ambao mvua huanguka kama theluji na kulala milimani. Mabwawa hushuka mfululizo mpaka Aprili hivi, ndipo theluji ianze kuyeyuka. Ukibakiza maji mengi mno, mafuriko ya Mei na Juni yanakukuta umejaa. Ukiuza mno, unaingia msimu mkavu mikono mitupu. Mwaka 2022 mabwawa ya kusini yalishuka huku bei ya gesi Ulaya ikipaa na kupandisha bei ya umeme huko, na nyaya mpya za kwenda Ujerumani na Uingereza, MW 1,400 kila moja, zikaivuta bei hiyo mpaka kusini mwa Norway. Serikali ikalazimika kuwachangia wananchi bili.

Serikali hiyo ilianza kununua maporomoko mwaka 1895, ikianzia Paulenfossen, kwa ajili ya reli. Sheria ya 1909 ikaongeza sharti kali: kampuni binafsi ikipewa kibali, baada ya miaka 60 hadi 80 maporomoko na mitambo vilitakiwa kurudi serikalini bila fidia. Uuzaji wa umeme uliingizwa kwenye ushindani mwaka 1991, na mwaka uliofuata shirika la serikali likagawanywa: Statnett ikachukua nyaya, Statkraft ikabaki na vituo vya kuzalisha.

Statkraft na Norfund, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norway, waliunda kampuni ya SN Power mwaka 2002, na mwaka 2018 kampuni hiyo ikanunua hisa katika Bujagali, kituo cha umeme wa maji karibu na Jinja, Uganda, kabla yenyewe kuuzwa kwa Scatec, kampuni nyingine ya Norway. Hapo Jinja mbinu ya kufunga maji haina nafasi. Bujagali hutumia maji yaleyale yanayoachiwa na vituo vya Nalubaale na Kiira kutoka Ziwa Victoria, bwawa lake ni dogo, na mkataba wake unalipia utayari wa mitambo, si bei ya saa hiyo sokoni.