Gesti Inapogeuzwa Makazi ya Dharura

Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ukifurika, wakazi wa mabondeni hukimbiziwa madarasani. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2011. Lakini darasa halina choo chake wala kitasa cha ndani, na shule ikifunguliwa, mwanafunzi na mwathirika wanagombea chumba kimoja. Huku Magomeni na Manzese zimejaa gesti ambazo zingeweza kukodiwa kuwahifadhi.

Wenzetu wameshajaribu. Korona ilipoingia mwaka 2020, jimbo la California, Marekani, lilikodi vyumba vya hoteli kupitia mpango wa Project Roomkey ili wasio na makazi wasirundikane kwenye kumbi.

Sphere, kipimo cha kimataifa cha misaada wakati wa maafa, kinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 na lita 15 za maji kwa siku. Chumba cha mita tatu kwa tatu, basi, ni cha watu wawili. Familia ya watu sita ipewe vyumba vitatu vinavyopakana, na funguo washike wenyewe, zisibaki mapokezi.

Ninachokihofia zaidi ni jiko. Mama asipotengewa pa kupikia, ataingiza jiko la mkaa chumbani, atafunga dirisha kwa sababu ya mvua na mbu, kisha watalala. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu. Inaua watu usingizini. Kabla ya kuleta godoro hata moja, pajengwe pa kupikia uani, pawe na paa.

Chemba nayo huzidiwa upesi. Wageni wa kawaida huondoka asubuhi. Waathirika wanashinda humo humo, wakifua na kuogesha watoto. Maji taka yakimwagika uani, kipindupindu hakiko mbali. Gari la kunyonya liwe limeshalipiwa. Zimamoto nao wakague, hasa madirisha yenye nondo zisizofunguka.

Jengo lichukuliwe lote. Kuchanganya familia na wateja wa shoti taimu ni kuwatia watoto hatarini, na sote tunazijua gesti zetu.

Wamiliki wanaosita hawana roho mbaya. Wanaogopa kubaki na watu wasiojulikana watatoka lini. Mkataba utaje bei ya chumba, anayelipa umeme wa LUKU na maji, fidia ya vitu vitakavyoharibika, tarehe ya kuondoka na mahali familia zitakapohamia. Kamati ya maafa ya wilaya iusaini Februari, kabla masika hayajaanza, kwani usiku wa mafuriko hakuna atakayekaa kupatana bei.