Filamu za mtu-mbwamwitu wa Zama za Kati: pesa inaliwa wapi?

Mwanafunzi wa meikapu akinijia na wazo la filamu ya mtu anayegeuka mbwa mwitu, na akasema hadithi yake iko Ulaya ya Zama za Kati, swali langu la kwanza huwa hili: wanakijiji wako watavaa viatu gani? Wengi huduwaa. Wameshachora meno, makucha na macho ya njano, daftari limejaa, halafu mwalimu anauliza habari za viatu. Lakini mnyama ni mmoja. Wanakijiji ni thelathini, na kila mmoja anataka joho la sufu, mkanda, kitambaa cha kichwa, na miguuni kitu kisicho na soli ya mpira. Weka na farasi. Weka ngome, kanisa la mawe, na mtaa mzima usio na nguzo ya umeme. Bajeti inakata roho kabla hata unyoya mmoja haujabandikwa.

Kazi yangu ni meikapu na manyoya ya filamu, na nikiwa nyumbani hizi ndizo filamu ninazozitazama kwa raha, zile za pesa ya kuunga-unga. Huzitazama kifundi, nikitafuta walipobana matumizi. Zile zilizofaulu karibu zote zilipata mazingira ya kale kwa bei ya kutupa, kisha zikamchelewesha mnyama mpaka mtazamaji awe ameshamtengeneza mwenyewe kichwani.

Chukua The Curse of the Werewolf, iliyotolewa mwaka 1961 na kampuni ya Hammer ya Uingereza, mwongozaji Terence Fisher. Oliver Reed, kijana bado, ndipo alipopata uhusika mkuu kwa mara ya kwanza. Riwaya ya Guy Endore iliyoizaa filamu hiyo inatokea Ufaransa. Filamu inatokea Hispania. Sababu haina ushairi wowote: Hammer walikuwa wameshajenga seti ya mji wa Kihispania kwenye eneo la studio yao ya Bray, kwa ajili ya filamu nyingine kuhusu mahakama ya Kanisa iliyowahukumu wazushi. Filamu hiyo ikafutwa kwa hofu ya kugombana na wakaguzi wa filamu na Wakatoliki. Seti ikabaki imesimama, gharama imeshalipwa, basi mbwa mwitu akahamishwa nchi. Kwa tarehe, hadithi ni ya karne ya 18, ila kuta zile, yule mkabaila, na yule ombaomba aliyesahauliwa gerezani mpaka akawa kama mnyama vinakurudisha nyuma zaidi ya hapo. Na meikapu ya Roy Ashton, sura nzima ya mnyama, huioni mpaka filamu inakaribia kuisha. Kwa muda mrefu unapewa viganja vyenye manyoya na nyuso za watu walioogopa.

Mhispania Jacinto Molina, aliyejulikana kwa jina la Paul Naschy, alitafuta njia nyingine. Alikuwa mnyanyua vyuma kabla ya kuwa mwigizaji, na ukimwona anavyoruka akiwa na manyoya usoni utajua mwili ule haukutoka ofisini. Aliandika mwenyewe skripti ya La marca del hombre lobo ya 1968 na akaigiza kama Waldemar Daninsky, jina la Kipolandi, kwa sababu wakaguzi wa filamu wa enzi za dikteta Franco hawakutaka Mhispania awe mtu-mbwamwitu. Akaendelea na mhusika huyo filamu baada ya filamu. Katika El retorno de Walpurgis ya 1973, Zama za Kati zinakaa mwanzoni tu: mashujaa wa deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, wanapigana, laana inatamkwa, kisha tunarukia kizazi cha mbali ambacho nguo zake ni rahisi kuzipata. Mimi huo naupenda kama ujanja wa kihasibu. Unalipia upanga na farasi kwa siku chache za kushuti, lakini mtazamaji anabaki na harufu ya zama zile mpaka mwisho.

Kuhusu deraya na farasi, wanafunzi wangu huwa nawaonyesha filamu ambayo si ya kutisha kabisa, Monty Python and the Holy Grail ya 1975. Farasi walikuwa ghali, basi mfalme anarukaruka kwa miguu huku mtumishi nyuma yake akigonganisha vifuu viwili vya nazi. Mtoto wa Tanga au Lamu atacheka mara mbili. Ngome nyingi unazoziona mle ni ileile ya Doune, Uskoti, iliyopigwa kutoka pembe tofauti. Deraya ya mnyororo ilikuwa sufu iliyofumwa kwa mkono na kupakwa rangi ya fedha. Hii ya kufuma uzi mnene na kuupulizia rangi ni mbinu ya zamani ya jukwaani, na mpaka leo haijashindwa: ukiwa umbali wa hatua chache, taa ikiwa ya pembeni, jicho linakubali. Faida yake kubwa ni uzito. Mwigizaji anaweza kukimbia porini usiku bila kuvunjika shingo. Ikilowa mvua, hapo sina la kumsaidia.

Sasa manyoya, maana hapa ndipo mikono yangu ilipo. Jack Pierce alipomtengeneza Lon Chaney Mdogo kwa The Wolf Man ya 1941, alitumia manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa milima ya Asia, akiyabandika usoni kishungi kwa kishungi. Kazi ya namna hiyo haijabadilika sana. Unasafisha ngozi kwa spiriti, unapaka gundi maalumu ya meikapu kwenye ukanda mwembamba, unaigusagusa kwa kidole mpaka ianze kunata. Unakata kishungi kidogo, unakichonga ncha kwa mshazari, unakikandamiza kwa ubavu wa mkasi. Unaanzia chini, kwenye koo, kisha kidevu, kisha unapanda shavuni, safu ya juu ikilala juu ya ile ya chini kama makuti ya paa. Ukianzia juu umeharibu: kila mzizi utaonekana, na kamera haisamehe mizizi. Safu ya mwisho, pale manyoya yanapokutana na ngozi tupu, haibandikwi vishungi. Hapo ni nywele mojamoja, chache, zilizotawanyika, na hapo ndipo muda wote unapokwenda.

Yaki hatuna, lakini rasta za kusukia nywele zipo kila duka. Tatizo lake ni kung'aa. Rasta nyeusi tupu ikipigwa taa inasema plastiki kabla mnyama hajaunguruma. Changanya nyeusi, kahawia na kijivu kidogo, zichambue kwa vidole mpaka zipoteze mpangilio, halafu poda isiyong'aa. Na kwa joto la Dar es Salaam usianze na mdomo wa juu. Uache uwe wa mwisho, kwa sababu jasho huanzia hapo na ndipo gundi inapoachia kwanza. Pua za jelatini ni habari nyingine. Mchana wa Februari zinayeyuka mwigizaji akiwa bado anasoma mistari yake.

Sehemu inayowatesa waongozaji wachanga ni kugeuka kwenyewe. Mwaka 1941 kugeuka kuwa mnyama kulionyeshwa miguuni: picha moja inafifia ndani ya nyingine, manyoya yanaongezeka, basi. Uso unaobadilika mbele ya macho yako ni ule wa mwisho, mnyama aliyekufa anaporudi kuwa mtu. Ikakaa hivyo, kwa tofauti ndogondogo, mpaka 1981, ndipo Rick Baker alipotengeneza meikapu ya An American Werewolf in London, mifupa inarefuka chumbani taa zikiwaka, na akapata tuzo ya kwanza kabisa ya Oscar ya meikapu ya ushindani. Mwaka huohuo Rob Bottin naye alikuwa ameijaza ngozi ya mnyama wa filamu ya The Howling na vipuli vya hewa vinavyovimba. Ni kazi za kuvuliwa kofia, na nadhani zimewafilisi maprodyuza wengi. Tangu hapo kila mwenye kamera anataka kugeuka kwa mwanga kamili, na asiyekuwa na fedha anakimbilia kompyuta, na kinachotoka hakina uzito wala kivuli chini ya miguu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba watu wa Zama za Kati wenyewe walikuwa wameshalitatua tatizo hili, na kwa bei ya bure. Waongozaji wanachukua nguo za zama zile na kuziacha hadithi zake. Wanaingiza silaha za madini ya fedha na mwezi mpevu, mambo ambayo kwa kiasi kikubwa tumeyazoea kutokana na filamu za Hollywood za miaka ya 1940, kwa kalamu ya Curt Siodmak. Hata kule 1941 silaha ilikuwa fimbo yenye kichwa cha fedha; risasi katika kijiji cha karne ya 12 ni kichekesho. Na wengine wanachukua kesi ya Peter Stumpp, aliyeuawa Bedburg karibu na Köln mwaka 1589 akidaiwa kupewa na shetani mkanda wa kumgeuza mbwa mwitu, wanamvika nguo za miaka mia nne kabla yake. Mkanda ni wazo zuri, kifaa cha bei poa, lakini ule ni ulimwengu wa bunduki na vitabu vya chapa.

Soma shairi la Marie de France la karne ya 12 liitwalo Bisclavret. Bwana mmoja wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, hutoweka siku tatu kila wiki. Mkewe anambana mpaka anasema: ninavua nguo, nazificha kwenye jiwe lenye shimo karibu na kanisa la kale, nami ni mbwa mwitu mpaka nizivae tena. Mke anamtuma mwanamume anayemtaka akaziibe nguo zile. Mume anabaki mnyama. Siku moja mbwa wa mfalme wanamzingira msituni, naye anakimbilia kuubusu mguu wa mfalme, anachukuliwa ikulu, analala miongoni mwa maaskari kama mbwa mpole, mpaka siku anapomwona mkewe na kumng'oa pua. Kwa meikapu, pua iliyong'olewa ni kazi ya asubuhi moja, na inatisha kuliko meno yoyote niliyowahi kuyachonga.

Kisha tazama anavyorudi kuwa mtu. Nguo zinaletwa, zinawekwa mbele yake, hazigusi. Mshauri wa mfalme anasema: ana aibu, hawezi kubadilika mbele yetu. Wanamwingiza chumbani pamoja na nguo, wanafunga milango, wanaondoka. Wanaporudi, mtu amelala usingizi kwenye kitanda cha mfalme. Hakuna mfupa unaorefuka. Kuna mlango, kuna kungoja, na kuna sababu ndani ya hadithi ya kamera kubaki nje. Hiyo sababu ndiyo filamu nyingi za pesa kidogo hukosa: zinaficha, halafu mtazamaji anahisi amepunjwa.

Gervase wa Tilbury, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13, anataja mwezi, nakubali. Lakini mtu wake mmoja wa kusini mwa Ufaransa hugeuka mwezi unapoandama. Huvua nguo na kugaagaa mchangani. Mwezi mwandamo maana yake giza, na giza ni rafiki wa asiye na taa za kukodi. Mwingine katika kitabu hichohicho anapona baada ya seremala kumkata mguu mmoja kwa shoka.

Hadithi ninayoililia mimi imo katika maelezo ya Gerald wa Wales kuhusu Ireland, ya miaka ya 1180. Padri na kijana wake wamewasha moto msituni, usiku, chini ya mti. Mbwa mwitu anawasogelea na kusema msiogope. Anaeleza kuwa kwao Ossory kuna laana ya abati (mkuu wa watawa) Natalis: kila miaka saba watu wawili, mume na mke, lazima waache umbo la kibinadamu. Mwenzake yuko mahututi kwenye shina la mti lenye uwazi na anaomba sakramenti kabla ya kufa. Padri anasita kumpa mnyama mwili wa Kristo. Ndipo yule dume anaivuta ngozi ya mwenzake kwa makucha, kutoka kichwani hadi kitovuni, akiikunja nyuma, na ndani kuna bibi kizee.

Piga hesabu. Waigizaji wanne, kanzu moja ya padri, moto mmoja, mti mmoja, na vazi la manyoya ambalo nusu yake linafunguka. Yule dume anayesema abaki ukingoni mwa mwanga wa moto, macho na sauti tu. Wanyama wenyewe wanaweza kuwa mbwa wa kawaida: The Company of Wolves ya 1984, ambayo Anton Furst aliijengea msitu ndani ya studio ya Shepperton miaka michache kabla ya kupata Oscar kwa Batman, ilitumia mbwa wachunga kondoo wa Kibelgiji waliopakwa rangi, na mbwa mwitu halisi wachache.

Ngozi ya yule bibi ningeishona kwa kitambaa laini chenye manyoya mafupi upande wa kifua na marefu mgongoni, mshono ukipita katikati na kufichwa chini ya safu ya manyoya inayolala upande mmoja. Ndani ningeweka bitana ya rangi ya nyama, yenye unyevu wa glisarini ili ing'ae kidogo inapokunjwa. Na ningeufunga mshono ule kwa vikulabu vidogo, kamwe si zipu. Zipu inasikika kwenye maiki.