Je, wajua? Chuma kinapokatika mgongoni, kosa mara nyingi si la chuma

Mtu mzima aliyepinda mgongo, awe ameinama mbele kwa kibiongo au pingili zimekwenda upande, anaweza kunyooshwa kwa upasuaji mkubwa. Kila pingili hutiwa skrubu mbili, kushoto na kulia, kisha fimbo mbili za chuma hulazwa juu ya vichwa vya skrubu hizo kuanzia mgongo wa juu hadi kwenye nyonga. Miaka miwili baadaye picha ya eksirei inaonyesha fimbo moja vipande viwili. Nyumbani, na wakati mwingine hata wodini, swali huwa moja: nani kamwekea mgonjwa chuma kibovu?

Karibu kila anayekutana na jambo hili mara ya kwanza huanzia hapo. Akiambiwa chuma kilikuwa kizima, anahamia kwa mgonjwa: atakuwa ameinua ndoo, ameteleza bafuni, amepanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Kwa kawaida mashtaka yote mawili ni ya uongo. Fimbo ya titani yenye unene wa milimita 5.5 haikatwi na ndoo moja ya maji. Imekatika kwa sababu mfupa uliotakiwa kuupokea mzigo haukuungana, na chuma kikaachiwa zamu isiyokuwa yake.

Tatizo ni kwamba watu hudhani vyuma ndivyo vinavyoushika mgongo maisha yote, kama nondo ndani ya nguzo. Vimekaa zaidi kama mirunda. Fundi akimwaga zege la slabu husimamisha mirunda chini yake. Siku ya kwanza mirunda ndiyo inayobeba kila kitu, zege likishashika inabeba kidogo, na baada ya wiki nne hivi inatolewa na hakuna anayeiuliza. Mgongoni, zege ni mfupa wa kupandikiza. Daktari hukwangua uso wa pingili mpaka utoke damu, akaufunika kwa vipande vya mfupa, kisha mwili wenyewe huvigeuza kuwa daraja moja gumu. Kazi hiyo huchukua miezi 6 hadi 12, na kwa wengine zaidi. Daraja likikamilika, fimbo haina kazi kubwa tena. Huachwa humo kwa kuwa kuitoa ni kumpasua mtu bure. Lisipokamilika, mirunda imebaki chini ya zege bichi, na hakuna ajuaye kwa kuangalia nje, kwa kuwa mgonjwa anatembea, ananyooka na anashukuru.

Paul Harrington, daktari wa Houston, Marekani, aliyewashughulikia watoto waliopindishwa mgongo na polio, alijifunza hili mapema. Mwanzoni aliweka fimbo bila kuunganisha pingili. Vyuma vikakatika, na kulabu alizotumia kuzishikiza kwenye pingili zikachomoka. Tangu makala yake ya 1962, wapasuaji wa mgongo wamezoea kuisimulia kazi hii kama mbio: mfupa unakimbilia kuungana, chuma kinakimbilia kuchoka.

Na chuma huchoka kweli. Chukua waya wa kufungia nondo uuvute kwa mikono miwili: hautakatika. Upinde huku na huku mara chache: unakatika, bila nguvu yoyote ya ajabu. Mfano huu una kasoro moja, kwamba waya unaupinda sana mara chache, ilhali fimbo ya mgongoni hujikunja kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini mara nyingi mno. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku huipa fimbo mikunjo 1,825,000 kwa mwaka. Maabara zinazofuata kipimo kiitwacho ASTM F1717 hufunga skrubu kwenye vipande viwili vya plastiki ngumu vilivyoachwa nafasi tupu katikati, kisha mashine hubonyeza mara milioni 5. Nafasi hiyo tupu ina maana yake: kipimo kinajifanya mgonjwa hana mfupa kabisa. Kwa hatua zetu 5,000, milioni 5 hutimia kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Si kwamba fimbo hufa siku hiyo. Inategemea kila mkunjo ni mzito kiasi gani, na hapo ndipo mkao wa mwili unapoingia. Ndoo ukiishika karibu na kiuno ni nyepesi. Ukiinyoosha mbele kwa mkono mmoja, ndoo ile ile inakushinda. Mgongo uliobaki umeinama mbele hata baada ya upasuaji hubebesha fimbo ndoo hiyo ya mkono ulionyooka, kila hatua.

Halafu kuna jeraha ambalo fimbo hulipata siku ile ile ya upasuaji. Fimbo hutoka kiwandani ikiwa imenyooka, na daktari huikunja kwa koleo maalumu ili ifuate umbo la kiuno. Koleo linaacha alama. Doti ya kanga haipasuki kwa kuvutwa tu, lakini ukiitia ncha ya mkasi kidogo pembeni, inafuata mstari mpaka mwisho. Alama ya koleo ndiyo ncha ya mkasi. Titani huathirika zaidi na alama hizo kuliko kobalti-kromi, metali nyingine ya kutengenezea fimbo, na kuikunja fimbo, kuinyoosha, kisha kuikunja tena mahali pale pale ni kuitia mkasi mara mbili.

Kwa hiyo mahali pa kukatikia hapashangazi: ni pale kiuno kinapokutana na nyonga, penye mzigo mkubwa na mfupa mgumu kuungana, au pale pingili ilipokatwa kabari. Kukata kabari ni kuondoa kipande cha pembetatu nyuma ya pingili na kulifunga pengo, ili mgongo upate takriban nyuzi 30 za kunyooka. Hapo fimbo hukunjwa kwa pembe kali kuliko kwingine kote. Katika tafiti mbili za Marekani zilizochapishwa 2012 na 2014, fimbo zilikatika kwa wagonjwa wapatao 7 hadi 9 kwa kila 100; kwa waliokatwa kabari walifika 16 hadi 22. Tarakimu hizi zisomwe kwa tahadhari, kwa sababu muda wa kufuatilia ukirefuka hesabu hupanda, na mtu asiye na maumivu anaweza asipigwe picha kamwe.

Naam, wapo wasio na maumivu. Wengine husikia mlio mmoja, maumivu ya siku chache, kisha kimya. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kama unywele ikiwa ncha mbili hazijaachana, kwa hiyo picha ya mgongo mzima, ya kusimama, hulinganishwa na za awali. Ikiwa pembe imebadilika kwa nyuzi kadhaa, kuna kitu kimeachia. Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande, hapa vya milimita 1, ndizo zinazoonyesha kama daraja la mfupa lipo au lina mstari mweusi katikati, na kama skrubu zimezungukwa na duara jeusi, dalili kwamba zinacheza.

Fimbo moja ikikatika, mgonjwa hana maumivu, mkao haujabadilika na CT inaonyesha mfupa umeungana, kwa kawaida haiguswi. Wapo wanaoamini kwamba fimbo ikikatika mzigo huhamia kwenye mfupa na kuuchochea uungane. Wazo linavutia, ushahidi wake ni mwembamba. Zikikatika zote mbili, mgonjwa akaanza kuinama tena, hadithi ni nyingine.

Kabla ya upasuaji wa marudio hutafutwa sababu ya mfupa kugoma: sigara, vitamini D, sukari, mifupa myepesi. Na maambukizi ya chinichini. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes hukaa kwenye vyuma bila homa wala usaha, na vipimo vya damu vinaweza kuwa safi. Ndiyo maana vipande kadhaa vya nyama huchukuliwa ndani ya kidonda na kuoteshwa maabara hadi siku 14, si tano za kawaida.

Mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, hupasuliwa kwenye kovu lile lile. Kovu limeshikana na utando unaozunguka mishipa ya fahamu, kwa hiyo kuchanika kwa utando huo na kuvuja maji yake ni hatari kubwa kuliko mara ya kwanza. Kila skrubu hutikiswa. Inayocheza hutolewa na kuwekwa nene zaidi, kwa mfano kutoka milimita 6.5 hadi 7.5, au hubadilishiwa njia. Kisha inafika kazi yenyewe: tishu laini iliyojaa kwenye mfupa usioungana hukwanguliwa yote mpaka damu ionekane, na mfupa mpya, bora ukitoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, hupangwa hapo. Mara nyingi kizimba, kijisanduku chenye matundu kilichojazwa mfupa, huingizwa pia kati ya pingili kwa kupitia tumboni, kwa sababu mfupa unaobanwa huungana vizuri kuliko unaovutwa.

Fimbo mpya ndiyo inayofuata, na hapa hesabu inapendeza. Kutoka milimita 5.5 hadi 6.35 tofauti haifiki milimita moja, lakini ugumu wa kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha unene: karibu mara 1.8, na mkazo kwenye uso wa fimbo hushuka kwa theluthi moja hivi. Juu ya hapo, fimbo ya tatu na ya nne hufungwa kando kuvuka mahali palipokatika. Mbona basi zisiwekwe sita? Mgongo mgumu mno huhamisha mzigo kwenye pingili iliyo juu ya skrubu ya mwisho, nayo huweza kuporomoka. Ni wapi hasa ugumu unapozidi, wapasuaji bado wanabishana.

Lakini kinachokwamisha chumba cha upasuaji mara nyingine ni bisibisi. Fimbo hubanwa kwenye kichwa cha skrubu kwa kizibo, na kila kampuni ina umbo lake la tundu la kukifungulia, nyota au pembe sita, kwa kipimo chake. Mgonjwa aliyewekewa vyuma nchi moja na kufunguliwa nyingine anaweza kulala mezani wakati bisibisi yake haipo kwenye seti. Ukilazimisha isiyo yake, meno ya kizibo yanaliwa, na kinachobaki ni kukata fimbo pande zote mbili na kuitoa skrubu pamoja na kipande chake. Kinachohitajika ni jina la kampuni, aina ya mfumo na vipimo vya skrubu na fimbo, vilivyobandikwa kwenye taarifa ya upasuaji wa kwanza. Mgonjwa aiombe nakala kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, siyo miaka mitatu baadaye.